Mfuko wa mpira wa maji ya moto, lita 2

Nina faibromayalgia, ugonjwa wa maumivu ya kudumu ya misuli mwilini, mwaka wa 6 sasa. Vipimo vya damu na eksirei havionyeshi kitu, lakini nikiamka mabega yamekaza kana kwamba nimebeba ndoo usiku kucha. Mfuko huu niliununua Kariakoo kwa shilingi 12,000. Najaza nusu tu, natoa hewa, nauviringisha kwenye khanga kuukuu, naulaza shingoni dakika 20. Maumivu hayaishi, ila yanalegea hadi naweza kusuka nywele za binti yangu. Kasoro ni kifuniko: mfuko wangu wa kwanza ulivuja kitandani, nikaungua paja. Siku hizi naupindua kwanza juu ya sinki nione kama unadondosha. Na maji yasiwe yanatokota, jamani. Wenzangu mnaoambiwa mnajifanya wagonjwa, ununueni.