Kung'oa Miche au Kukwangua Magome: Kazi Mbili za Kujitolea Katika Msitu wa Amani

Katika hifadhi ya Amani, Usambara Mashariki nchini Tanzania, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, anayejitolea kupambana na mimea vamizi anaweza kushika mojawapo ya kazi mbili.

Ya kwanza ni kung'oa miche ya msizi, mti unaouvamia msitu huo, na vichaka vya lantana kwa mikono. Haihitaji ufundi mkubwa, hata wanafunzi huiweza, mradi wafanye baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na wautoe mzizi wote, kwa kuwa lantana iliyokatwa juu tu huchipua upya. Udhaifu wake ni kwamba haina mwisho: ndege aina ya hondohondo hula matunda ya msizi na kuzidondosha mbegu mbali, hivyo eneo lililosafishwa hupata miche mingine.

Ya pili humlenga mti mzazi. Gome hukwanguliwa kulizunguka shina, chakula kinachotengenezwa na majani kisifike mizizini, na mti hufa polepole ukiwa umesimama. Polepole huko ndiko faida yenyewe, kwani msizi hupenda mwanga, na kuuangusha ghafla hufungua pengo ambalo miche yake huliwahi kabla ya miti ya asili. Hata hivyo, kazi hii hudai kibali cha wasimamizi na jicho linaloitambua miti, tena mti mkavu ulio kando ya njia ni hatari kwa wapitao.

Kwa mgeni wa siku moja, ningependekeza miche. Kwa kikundi cha kijiji kinachorudi kila msimu, magome.