Nimetoa dola 6 kwa ensaiklopidia ya sanaa ya zamani ya Marekani, sijutii ila nina neno

Nimeipata hapa Philadelphia kwenye mnada wa vitabu chakavu vya maktaba, dola 6, nzito kama mfuko wa mchele na nilikuja nayo kwenye basi nimeipakata kama mtoto. Jina msiniulize, kurasa za mwanzo hazipo na mgongo wote ni selotepu, ila A mpaka Z ipo, inaanzia enzi za mkoloni Mwingereza mpaka kwenye 1850 hivi.

Nilichopenda kwanza, haijajaza wachoraji watupu. Wafua fedha wamo, mafundi samani wamo, mpaka wale wa kuchora mabango ya vilabu vya pombe, na ndivyo ilivyokuwa maana kipindi kile kule mchoraji alihesabiwa fundi kama fundi mwingine tu. Mfano Paul Revere, wengi wanamjua kwa ile safari ya farasi usiku mwaka 1775 kuwaonya wenzake kuwa askari wa Mwingereza wanakuja, kumbe mkate wake ulikuwa kufua fedha. Picha aliyochorwa na John Singleton Copley mwaka 1768 imepewa ukurasa mzima, jamaa yuko na shati hana koti, mkono mmoja kidevuni, mwingine umeshika birika la chai ambalo bado halijatiwa nakshi, zana ziko mezani, na ukisogeza macho unaviona vidole vyake kwenye mng'ao wa lile birika. Asee niliiangalia mpaka chai yangu ikapoa.

Halafu nenda kwa Gilbert Stuart. Ile sura ya Washington kwenye noti ya dola moja imetoka kwenye picha yake ya 1796 ambayo mpaka leo haijamalizwa, aliyeiagiza ni Martha, mke wa Washington mwenyewe, na Stuart akawa hamalizi makusudi ili asiitoe, akabaki nayo anachora nakala anauza. Fundi cherehani wa "njoo kesho" sote tunaye, sikujua wenzetu kazi ya wa kwao wameiweka kwenye hela.

Sasa neno langu. Charles Willson Peale, mchoraji aliyekuwa na makumbusho yake hapa Philadelphia (huyu aliyewaita wanawe Rembrandt, Raphaelle, Titian na Rubens, majina ya wachoraji wakubwa wa Ulaya, yaani) ana kurasa saba. Joshua Johnson wa Baltimore, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani akaachwa huru 1782 akaja kuishi kwa kuchora sura za watu, ana robo ukurasa na picha aliyoichora imewekwa nyeusi na nyeupe saizi ya stempu. Moses Williams ndo kabisa, kakulia utumwani nyumbani kwa Peale, baadae akawa anawakatia wageni wa makumbusho ya Peale vivuli vya sura zao kwenye karatasi, kazi ya mkono mwepesi ile, lakini hana hata kichwa chake cha habari, yumo sentensi mbili ndani ya Peale na kwenye faharasa mwishoni hayupo. Sasa mtu asiyemjua atamtafutaje, aanze na P kwa sababu gani?

Na Yarrow Mamout pia ni hivyo hivyo, picha ndogo, mstari mmoja chini yake. Huyu alikuwa Mwislamu kutoka Afrika Magharibi, mtumwa miaka na miaka, kaachwa huru 1796, akanunua nyumba yake Georgetown, ambayo leo ni mtaa wa Washington DC. Peale alimfuata 1819 amchore baada ya kusikia kuna mzee wa miaka zaidi ya 130, kumbe alikuwa kwenye 83. Ile picha iko kwenye jumba la sanaa la hapa hapa Philadelphia, Jumamosi nikaenda. Kofia ya kufuma, koti zito limefungwa mpaka shingoni, na anatabasamu kidogo kwa macho kama babu anayejua pipi umeificha wapi. Kitabuni lile tabasamu halionekani kabisa, wino umelimeza.

Kwa hiyo nyota 4, moja nimeikata kwa faharasa. Ukiiona kwa chini ya dola 10 chukua, ila usikubali kutumiwa kwa posta, nauli itazidi kitabu.

Yangu nimeshaichorea. Kwenye faharasa herufi W nimeandika kwa penseli Williams, Moses, nikaweka na namba ya ukurasa.