Tathmini ya pripregi ya nyuzi za kaboni zinazoelekea upande mmoja

Roli ninayoizungumzia hapa ni ya pripregi, yaani nyuzi zilizokwisha kuloweshwa resini (gundi inayogeuka ngumu ikiivishwa) kiwandani, nayo ni ya daraja la kawaida: gramu 150 za nyuzi za kaboni kwa kila mita ya mraba, resini ya epoksi inayoiva kwa nyuzijoto 120 za Selsiasi, na hifadhi ya miezi 12 katika friza yenye baridi ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Nyuzi zote zimelazwa kwa urefu wa roli, bila kufumwa, na kiwanda kimekwisha kuzilowesha resini iliyoivishwa nusu tu, ili ibaki laini na yenye kunata mpaka itiwe kwenye tanuri. Resini ni asilimia 35 ya uzito wote, kipimo ambacho anayepaka resini kwa brashi ni nadra kukifikia, kwani mkono humimina nyingi kuliko inavyohitajika.

Ubora wa kilichomo ndani ya roli sina shaka nao. Nilipokiinua kipande mbele ya taa, mwanga ulipenya katika mistari michache myembamba tu, nazo nyuzi zilikuwa zimenyooka pasipo mawimbi ya kuonekana kwa macho. Jambo hilo si la urembo, kwa sababu uzi uliopinda hata kidogo hukunjika mapema unapogandamizwa, na mgandamizo ndio udhaifu wa kaboni ukilinganisha na mvutano. Unataji nao umepimwa vizuri: tabaka hushika kalibu likibonyezwa kwa kidole, lakini likikaa vibaya linaweza kubanduliwa na kulazwa upya bila nyuzi kuachana. Karatasi ya mgongoni hutoka kwa mvuto mmoja mpole, mradi ivutwe kwa kufuata urefu wa nyuzi. Anayeivuta kwa kukata upana hupasua tabaka, kama ukuni unavyopasuka kwa kufuata mishipa yake.

Sasa nije kwenye nambari, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hujidanganya. Karatasi ya maelezo inataja ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kunyumbuka, ambao hupimwa kwa gigapaskali, uliokokotolewa kwa kudhani kwamba nyuzi ni asilimia 60 ya ujazo, ilhali roli yenye resini asilimia 35, ikiivishwa bila resini kuchuruzika, hutoa takriban asilimia 55. Kwa nyuzi zenye ukakamavu wa gigapaskali 230, hesabu inashuka hadi kama gigapaskali 128 kwa upande wa urefu. Hata hivyo bado ni nyingi mno: alumini ina 70 kwa uzito wa gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, nayo pripregi hii iliyoiva ina uzito wa kama gramu 1.5, hivyo kwa uzito ule ule inaizidi alumini zaidi ya mara tatu. Kwa upande wa upana, ambako resini ndiyo inayobeba, ukakamavu huanguka hadi kama gigapaskali 8 au 9, na kwa nguvu ya kuvunjika tofauti ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo mtu hulaza matabaka kwa pembe mbalimbali. Akiyagawa sawasawa kwenye sifuri, 45 kushoto na kulia, na 90, ukakamavu wa kila upande unakuwa chini ya gigapaskali 50, yaani mdogo kuliko wa alumini, na faida inayosalia ni ya wepesi peke yake. Ndiyo maana siipendekezi kwa kifuniko, sanduku au paneli ambayo hakuna ajuaye mzigo utatokea wapi. Huko kitambaa kilichofumwa kinatosha, na hulazwa haraka zaidi kwenye kona. Kwa mhimili wa bawa la ndege ndogo, mlingoti, kasia au mkono mrefu wa roboti, ambako mzigo unajulikana na unafuata njia moja, sijaona kitambaa kinachokaribia.

Kuhusu uivishaji, roli hii haidai otoklevu, yaani tanuri lenye shinikizo kubwa la hewa. Mfuko uliofyonzwa hewa ndani ya tanuri la kawaida hutosha kwa sehemu nyembamba, ikiwa matabaka yanakandamizwa kwa ombwe kila baada ya machache kulazwa. Sehemu nene ni habari nyingine: hewa hunaswa katikati na kuacha vitundu, na hapo shinikizo la otoklevu lina thamani yake. Mpangilio uwe na ulinganifu kutoka katikati ya unene kwenda pande zote mbili, la sivyo kipande kitajipinda kikipoa. Na pale kaboni inapogusana na alumini, tabaka la nyuzi za glasi liwekwe katikati, kwa kuwa unyevu ukiingia alumini ndiyo italiwa na kutu.

Lalamiko langu ni la ufungaji. Roli ilifika ikiwa baridi na ndani ya mfuko uliozibwa, jambo jema, kwani mfuko usipofunguliwa mpaka roli ipate joto la chumba, umande hutua juu ya plastiki badala ya kutua kwenye resini. Lakini kadi ya kuandikia saa ilizokaa nje ya friza ilikuwa tupu. Maelezo yanaruhusu siku 30 tu za jumla katika joto la chumba, na kila saa ya ghalani, ya safarini na ya mezani huhesabiwa humo, kwa hiyo mnunuzi wa roli iliyokatwa kutoka roli kubwa hawezi kujua kama amebakiwa na siku 29 au 10. Muuzaji aliombwa rekodi akaituma baadaye, nayo ilionyesha muda mwingi bado umebaki. Atakayeagiza aidai rekodi hiyo kabla ya kulipa, pamoja na namba ya toleo la resini.