Bridge Base Online: hapa ndipo nilipojua pa kuachia mnada

Anayecheza briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili unaoanza kwa mnada wa kutamka mtakula mizunguko mingapi na kwa turufu ipi, anajua ugumu ulipo. Pande zote mbili zikiwa na karata za kusemea, swali huwa ni nani atakubali kuachia, na kwenye ngazi ipi (ngazi ni mizunguko unayoahidi kuzidi sita: shupaza 3 ni mizunguko tisa). Pointi nyingi hupotelea hapo. Mimi nimeelewa mambo hayo kupitia Bridge Base Online, tovuti na programu ya simu ya kuchezea briji, BBO kwa kifupi, na naisifu bila kusita.

Niko Mombasa, mdogo wangu yuko Maskati. Jioni tunakutana kwenye meza moja ya simu, yeye upande wa kaskazini, mimi kusini. Kujiandikisha ni bure na meza za kawaida ni bure. Unalipia mashindano mengi na kukodi roboti. Mwanzilishi wake ni Fred Gitelman wa Kanada, na imekuwa hewani tangu 2001.

Utamu wake ni huu: mkono uleule mliogawiwa nyinyi unachezwa na meza nyingine pia. Mkimaliza, unafungua orodha ya matokeo, unaona kila meza ilifika wapi, ilipata nini, na ukigusa mstari unaona mnada wao wote tangu tamko la kwanza.

Wiki hii mdogo wangu alifungua shupaza 1, mpinzani wa kulia kwangu akasema kopa 2. Hakuna upande uliokuwa hatarini, yaani ile hali iliyopangwa kwa kila mkono inayoongeza adhabu ya kuanguka. Nilishika shupaza nne zikiongozwa na mfalme, pao moja tu, na pointi saba za karata kubwa kwa jumla. Nikapanda moja kwa moja hadi shupaza 3, wote wakapita. Tulikula mizunguko 8 badala ya 9 tuliyoahidi, yaani tulianguka kwa mmoja, tukatoa 50. Mdogo wangu akaguna. Nikamwambia, "Fungua orodha kwanza." Meza ambazo wenzetu walisema shupaza 2 tu, wapinzani walipata nafasi ya kuongea, wakafika kopa 3 na kutimiza: 140 kwao. Ile 50 yetu ikawa matokeo mazuri sana.

Hesabu ya lini kupanda na lini kuachia ilielezwa na Mfaransa Jean-René Vernes, na wachezaji wa Marekani wakaisoma mwaka 1969. Jumlisha turufu zenu na turufu zao. Jumla hiyo hukaribiana na mizunguko ambayo pande mbili zingekula, kila upande ukicheza kwa turufu yake. Mwenzangu akifungua shupaza ananiahidi tano. Nikiwa na nne ni tisa, basi mizunguko tisa, yaani ngazi ya 3, na niende mara moja kabla wapinzani hawajaelewana. Nikiwa na tatu ni nane: nasema shupaza 2, na wakija na kopa 3 nawaachia. Turufu zikiwa nane kwa nane, jumla ni 16. Wao wakila nane kwenye kopa 3 wameanguka, na sisi tungekula nane vilevile, tuanguke kwenye shupaza 3. Ya nini kuwaokoa?

Mkiwa hatarini, shika breki zaidi. Kuanguka kwa mzunguko mmoja baada ya kupigwa dabo (mpinzani anapotamka kuwa hamtatimiza, adhabu ikaongezeka) ni 200, na kopa 3 zao zikitimia wangepata 140 tu. Kwenye mashindano ya kulinganisha meza, hiyo 200 inawapeleka mkiani.

Si sheria ya kufuatwa kwa macho yaliyofumbwa. Malkia na ghulamu wa kopa mkononi mwako, wapinzani wakiwa ndio wenye kopa, ni karata za kuzuia, zinakuambia pita. Rangi ya pembeni yenye karata chache na rangi ya pili mnayoelewana na mwenzako zinakuambia panda. Haya nimeyaona kwa kusoma orodha, mkono baada ya mkono.

Roboti za humo zinatumia GIB, programu iliyoanzishwa na Matthew Ginsberg wa Marekani. Ukigusa tamko la roboti linakupa maana yake, pointi na urefu wa rangi, jambo ambalo kwa anayejifunza ni hazina. Ila elewa zinacheza mtindo wa Kimarekani, wa kufungua shupaza au kopa kwa karata tano. Kama wewe na mwenzako mnafungua kwa karata nne, hesabu ya turufu inabadilika. Pia ile takwimu ya mizunguko iliyowezekana kuliwa, inayotolewa mwishoni, huhesabiwa kwa kuona mikono yote minne. Usimlaumu mwenzako kwa takwimu hiyo. Yeye aliona karata 13 zake tu.

Kwa wawili wanaotaka kuelewana, ningesema msikimbilie mashindano ya kulipia. Fungueni meza ya kufanyia mazoezi ya mnada peke yake, mikono inagawiwa moja baada ya nyingine bila kuichezesha, na mkubaliane kwa maneno kabisa nani ana haki ya kusema shupaza 3 mara ya pili: aliyefungua, au aliyeitikia. Sisi tumekubaliana ni yule mwenye turufu ya ziada ambayo mwenzake haijui.