Rola la Fujicolor Crystal Archive Type II kwa chumba cha giza

Kwa anayechapa picha za rangi kwa mkono kutoka kwenye negativu, rola la Fujicolor Crystal Archive Type II lenye upana wa sentimita 30.5 na urefu wa karibu mita 84 ndilo la kununua kwanza. Fujifilm hutengeneza karatasi za aina hii Tilburg, Uholanzi. Huwa zinalishwa kwenye mashine za maabara za Noritsu na Frontier zinazosafisha picha kwa dawa, kwa hiyo hata mji ambao hauna tena duka la vifaa vya chumba cha giza unaweza kuwa na maabara yenye rola stoo. Ulizia pia mabaki ya rola nyembamba, za sentimita 15.2 au 20.3. Ni nzuri sana kwa majaribio.

Angalia tu usiuziwe kitu kingine. Karatasi za mashine za wino nazo zina jina la Fujifilm na upana uleule, lakini hazihisi mwanga hata kidogo. Kwenye lebo tafuta RA-4, jina la mfumo wa dawa za kusafishia karatasi hizi. Rola lililofungwa kwa plastiki ya kuonyesha ndani si lako. La kwako liko ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga. Boksi kuukuu za Ektacolor 74 au 78 ziache, zilitengenezwa kwa EP-2, mfumo wa dawa wa zamani. Cibachrome, ambayo baadaye iliitwa Ilfochrome, ni ya slaidi na dawa zake ni nyingine kabisa.

Ukipata karatasi isiyo na lebo, ipime kabla ya kulipa. Gizani kata ukanda wa sentimita 2 kwa 5, funika nusu kwa kadibodi nene, washa taa sekunde moja, zima, kisha utie ukanda wote kwenye dawa ya kwanza ya RA-4, inayotokeza picha, na bliksi, dawa ya pili inayoondoa fedha na kuifanya picha idumu. Nusu iliyopigwa mwanga lazima iwe nyeusi tii, na iliyofunikwa iwe nyeupe safi. Hiyo iliyofunikwa ikitoka ya manjano au kijivu, karatasi imezeeka au imeharibiwa na joto, na hakuna filta itakayorudisha weupe huo. Ikiwa na sayani (buluu-kijani), shuku mwanga uliopenya: tabaka la juu kabisa ndilo linalohisi mwekundu, na ndilo linalotoa sayani. Taa nyekundu ya picha nyeusi na nyeupe isiwashwe kabisa humu.

Rola hilo hutoa karibu vipande 330 vya sentimita 25.4 kwa 30.5. Kazi yote ya kukata hufanyika kwenye giza totoro, kwa hiyo gundisha kipande cha mbao kwenye kikatio kama kizuizi cha kipimo kabla ya kuzima taa. Upande wa dawa, yaani ule unaohisi mwanga, uko ndani ya mkunjo. Ukipotea, gusa kona kwa mdomo wenye unyevu: upande wa dawa hunata. Vipande vya karibu na kiini hujikunja vibaya. Vilaze ndani ya boksi lisilopitisha mwanga, chini ya uzito, kwa siku kadhaa. Udhaifu mkubwa wa Type II uko hapa, kwenye wembamba wake. Ukiibana kwa vidole viwili inavunjika kidogo na kuacha alama ya mwezi mchanga ambayo haiondoki. DPII, karatasi nyingine ya Fujifilm ya RA-4, ni nene zaidi na inafaa zaidi kwa picha kubwa.

Type II ina kasi, yaani inahisi mwanga upesi. Kwa negativu ya milimita 35 na picha ndogo, punguza tundu la lenzi ya mashine ya kukuzia hadi f/11, la sivyo muda unakuwa mfupi mno kuudhibiti. Kwenye filta za mashine hiyo anza na njano 60, majenta (waridi iliyokolea) 45, sayani 0. Picha ikielemea njano, ongeza filta ya njano. Ikielemea wekundu, ongeza njano na majenta pamoja. Usihukumu rangi ikiwa mbichi, ikaushe kwanza. Weusi wake umekolea na utofauti ni mkali, na hakuna filta ya kuupunguza kama kwenye karatasi za nyeusi na nyeupe.

Kwenye nyuzi 35 dawa ya kwanza huchukua sekunde 45. Kwenye trei ya joto la chumba, kama nyuzi 25, ipe dakika 2. Kabla ya bliksi pitisha picha kwenye siki nyeupe ya asilimia 5 iliyochanganywa na maji kwa nusu. Ukiruka hatua hiyo, dawa ya kwanza inaendelea kufanya kazi ndani ya bliksi na picha hutoka na michirizi ya waridi.

Tunza karatasi kwenye friji, chini ya nyuzi 10. Boksi la vipande lipe saa 4 nje kabla ya kulifungua, rola zima usiku mmoja, kwani umande ukitua kwenye upande wa dawa vipande vinagandana. Ukinunua rola mbili, hakikisha namba ya emalsheni, yaani ya toleo la dawa iliyopakwa kwenye karatasi, ni moja. Zikitofautiana, filta zinapangwa upya.