Seti ya Kutengenezea Bia Nyumbani kwa Mpishi wa Nyama ya Moshi: Uzoefu Wangu

Niliinunua seti hii kwa sababu ya kifuniko cha jiko la moshi. Yeyote anayepika kidari cha ng'ombe kwa joto la nyuzi 107 hadi 120 za Selsiasi anajua kwamba kazi hiyo huweza kuchukua saa 10 au zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya saa hizo haina la kufanya isipokuwa kuulinda moto. Anajua pia kwamba mikono isiyo na kazi hufungua kifuniko, na kila kinapofunguliwa joto hutoka, na chakula huzidi kuchelewa. Nilitafuta shughuli ya kunishikiza karibu na jiko, yenye kudai macho na saa, lakini isiyohusiana na nyama. Kutengeneza bia kumenifaa kwa jambo hilo, na seti yenyewe naiona ya maana, ingawa ina kasoro ambazo mnunuzi anastahili kuzijua kabla ya kutoa fedha zake.

Ndani ya sanduku mna ndoo ya plastiki ya lita 25 yenye koki chini, kizibo cha maji kinachoruhusu gesi kutoka bila kuruhusu hewa kuingia, haidromita (kipimo cha uzito wa kimiminika kikilinganishwa na maji), mpira wa kuhamishia bia, kifaa cha kufungia vizibo vya chupa, dawa ya kuua vijidudu, na viungo vya kutosha lita 19 hivi. Viungo hivyo ni rojo la kimea, yaani sukari za shayiri zilizokwisha kutolewa kiwandani na kupunguzwa maji hadi zikawa nzito. Mfuko mdogo wa kimea kilichokaangwa na kupondwa. Pakiti mbili za hopsi, yaani maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu. Na pakiti ya gramu 11 ya hamira kavu. Sufuria haimo, na huo ni uamuzi mzuri wa watengenezaji, kwa kuwa sufuria ambazo nimeziona zikiuzwa pamoja na seti za aina hii ni nyembamba mno na huunguza kimea. Mpishi wa nje kwa kawaida ana sufuria nene na jiko la gesi la kusimama, na hivyo ndivyo vinavyohitajika.

Manufaa ya kuziunganisha kazi hizi mbili yanaonekana zaidi pale nyama inapokwama. Joto la ndani ya kidari likifika kati ya nyuzi 65 na 75, huacha kupanda na huweza kukaa hapo kwa saa kadhaa, kwa sababu maji yanayotoka juu ya nyama hugeuka mvuke na kuipoza karibu kwa kasi ileile ambayo moto unaipasha. Hapo ndipo wapishi wengi hukosa subira, wakaongeza moto au wakaanza kuitobatoba nyama kwa kipimajoto. Siku ya kupika bia, kuanzia kuchemsha maji hadi kuosha vyombo, huchukua karibu saa nne, na saa hizo huingia vizuri katika kipindi hicho cha kukwama. Nyama ikianza kupanda tena kuelekea nyuzi 93, ambapo utando mgumu unakuwa umelainika na kugeuka jelatini, ndoo ya bia inakuwa imekwisha kufunikwa na kuwekwa mahali pake.

Maelekezo ya seti yanaanza kwa kuloweka kimea kilichopondwa ndani ya mfuko wa kitambaa, katika maji ya nyuzi 65 hadi 70, kwa dakika 30. Aliyezoea kulinda joto la jiko la moshi hataona ugeni wowote hapa, kwani ujuzi ni uleule wa kuongeza kidogo, kupunguza kidogo, na kungoja kabla ya kuamua. Kinachoangaliwa ni maji yasipande sana kupita nyuzi 75, la sivyo maganda ya shayiri huachia ukakasi unaobaki mdomoni. Baada ya kuutoa mfuko, moto huzimwa kabisa kabla ya kumimina rojo la kimea, kisha hukorogwa mpaka chini ya sufuria pasibaki kitu kilichoganda, ndipo moto huwashwa upya. Kijitabu kinalitaja jambo hili kwa sentensi moja tu, ilhali ndilo linaloamua iwapo bia itakuwa na ladha ya kuungua.

Kuchemsha huchukua dakika 60, sufuria ikiwa wazi ili harufu zisizotakiwa zitoke na mvuke. Pakiti ya kwanza ya hopsi huingia mwanzoni, kwa sababu asidi za alfa zilizomo huhitaji muda mrefu wa joto ili zibadilike na kutoa uchungu unaoyeyuka ndani ya kinywaji. Ya pili huingia katika dakika tano za mwisho, kwa sababu mafuta yanayobeba harufu huruka upesi. Dakika za hatari ni zile za kuanza kutokota, wakati povu linapopanda ghafla na kutaka kumwagika. Kwa hiyo mimi huongeza mkaa kwenye jiko la moshi kabla sufuria haijakaribia kuchemka, nikawa huru kusimama hapo na mwiko mkononi. Jiko la gesi huliweka upande unakotoka upepo, ili jivu lisirukie bia.

Hapo ndipo sifa zinapopungua. Seti haina chochote cha kupozea, na kijitabu kinasema tu kwamba maji ya kimea yapozwe haraka hadi chini ya nyuzi 22. Lita kumi na kadhaa zilizotoka kuchemka hazipoi haraka kwa kutamaniwa, na katika muda huo wote, mara joto linaposhuka, maji hayo matamu huwa malisho ya bakteria yoyote inayopita. Njia ninayoitumia ni kuchemsha lita 11 tu pamoja na kimea chote, kuizamisha sufuria ndani ya beseni la maji yenye barafu, na kujazia ndoo kwa maji baridi niliyoyachemsha na kuyapoza mapema. Njia hii inafaa, lakini inadai barafu nyingi na nafasi ambayo si kila mtu anayo. Koili ya shaba ya kupitishia maji baridi ingelimaliza tatizo, na kwa maoni yangu ingelipaswa kuwemo sandukuni badala ya kile kipande cha kupimia joto kinachobandikwa nje ya ndoo. Kuhusu maji, yale ya bomba yenye klorini huweza kuipa bia ladha inayofanana na ya dawa ya hospitali. Kuyachemsha huondoa klorini ya kawaida lakini si kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, ambayo huondolewa kwa kidonge cha metabisulfiti. Kidonge hicho hakimo katika seti, wala hakitajwi.

Jambo ambalo kijitabu hakingeweza kulijua ni kwamba mnunuzi ana nyama mbichi jirani. Usafi wa mpishi wa nyama na usafi wa mtengenezaji wa bia havifanani. Wa kwanza hutegemea moto, kwa sababu kinachoingia jikoni kitapikwa. Wa pili, mara maji ya kimea yanapopoa, hauna tena moto wa kuutegemea, na kila kinachogusa kinywaji lazima kiwe kimekwisha kupita kwenye dawa ya kuua vijidudu. Kwa hiyo kazi yote ya kupaka viungo na kukata nyama huimaliza na meza kuoshwa kabla vyombo vya bia havijatolewa, na huwa na meza mbili zisizoazimana hata kitambaa. Kifuniko cha jiko nacho hakifunguliwi wakati ndoo iko wazi. Dawa iliyomo katika seti ni ya aina isiyohitaji kusuuzwa, na ni nzuri, ila ndoo isisuguliwe kwa kitu kigumu, kwani mikwaruzo ya plastiki hugeuka maficho ambayo dawa haiyafikii.

Hamira huanza kuonyesha kazi yake siku inayofuata. Hamira ya seti hii hupenda nyuzi 18 hadi 22, na kuchachuka kwenyewe huzalisha joto, hivyo ndani ya ndoo huweza kuwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi ya chumba. Joto likizidi, bia hutoa harufu za matunda yaliyoiva mno na pombe kali inayochoma koo. Anayeishi penye joto asikate tamaa wala asinunue jokofu kwanza: kuna hamira za asili ya magharibi mwa Norwe ziitwazo kveik, ambazo huchachusha vizuri kwa nyuzi 35 na hata zaidi, na pakiti moja ya hizo inaweza kuingia mahali pa ile iliyomo sandukuni. Pakiti niliyoipata mimi, kwa bahati mbaya, haikuwa na tarehe ya kuisha muda wake, na muuzaji nilipomwandikia alinitumia nyingine yenye tarehe bila ubishi.

Kasoro ninayoiona nzito kuliko zote ni maelekezo ya kujaza chupa baada ya siku saba, au bubujiko la gesi katika kizibo cha maji likikoma. Bubujiko huweza kukoma kwa sababu kifuniko cha ndoo hakikubana, na huweza kuendelea wakati kazi imekwisha, kwa hiyo si kipimo. Kipimo ni haidromita. Bia yangu ya hudhurungi ilianza kwa 1.048 na ikatulia kwa 1.011, ambapo tofauti hiyo ikizidishwa kwa 131.25 hutoa kilevi cha karibu asilimia 4.9. Namba ikibaki ileile kwa vipimo viwili vilivyoachana kwa siku mbili, hapo ndipo chupa zijazwe, na kwa kawaida hiyo huwa wiki ya pili. Bia iliyofungwa ikiwa bado ina sukari ya kuchachuka huendelea kutengeneza gesi ndani ya chupa mpaka kioo kipasuke, na vipande vya kioo ni hatari ambayo kijitabu cha bidhaa hakikupaswa kuikaribisha. Izingatiwe pia kwamba haidromita nyingi hupimwa usahihi wake kwa nyuzi 20, na hivyo kuisoma katika maji ya moto hutoa namba ya chini kuliko ilivyo kweli.

Kujaza chupa kunachosha, sina zaidi la kulisema. Gramu 6 hadi 7 za sukari kwa kila lita zinatosha kuleta gesi, na wiki mbili katika joto la chumba hukamilisha kazi.

Kutokana na muda huo, bia inayopikwa leo haihusiani na nyama inayopikwa leo. Anayenunua seti akidhani atakunywa jioni atavunjika moyo. Mzunguko unaofaa ni kupika bia kando ya kidari hiki ili inywewe na kidari kijacho, mwezi mmoja au zaidi mbele, na baada ya kuzoea huwa kuna ndoo inayochachuka na chupa zilizokomaa kwa wakati mmoja. Bia ya hudhurungi ndiyo iliyopatana zaidi na nyama ya moshi, na sababu yake haiko mbali: rangi ya ganda la kidari na rangi ya kimea kilichokaushwa kwa joto kali zote mbili hutokana na mmenyuko wa protini na sukari ulioelezwa na Louis-Camille Maillard mwaka 1912, kwa hiyo ulimi hukuta ladha za ukoo mmoja. Gesi na uchungu wa hopsi hukata mafuta. Ila povu lenyewe halidumu, kwa kuwa mafuta ya midomoni na vidoleni hulivunja mara yakifika kwenye glasi, na hilo lisihesabiwe kuwa kosa la bia.

Seti hiyohiyo huuzwa pia na kimea cha moshi, na nimeijaribu kwa hamu kubwa. Bia za moshi zina heshima yake. Mji wa Bamberg nchini Ujerumani unajulikana kwazo, na kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni za mti wa misitu ya Ulaya uitwao beech kwa Kiingereza. Hata hivyo, moshi wa kwenye glasi ukikutana na moshi wa kwenye nyama, mmoja huufuta mwingine, na baada ya matonge machache hakuna kinachosikika. Ningeinywa na mboga, jibini au kuku wa kuchemsha. Kwa kupikia, bia isiyo chungu hufaa kunyunyiziwa nyama au kuongezwa kwenye mchuzi, lakini yenye hopsi nyingi isichemshwe mpaka ikauke, kwa sababu maji huondoka na uchungu hubaki wote.

Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano, nikiipunguzia moja kwa ajili ya upozaji na yale maelekezo ya siku saba. Inamfaa mtu ambaye tayari hupika nje kwa saa nyingi, ana jiko la gesi la pili, na hana haraka. Haimfai mwenye jiko moja tu, kwa sababu sufuria ya lita 11 na nyama vitagombania moto, wala anayeanza kujifunza nyama ya moshi, ambaye ni heri aizoee nyama kwanza. Sheria za kutengeneza pombe nyumbani hutofautiana kati ya nchi na nchi, na nyingi zinazoruhusu kunywa haziruhusu kuuza, hivyo zisomwe mapema. Kwa ununuzi unaofuata sitaagiza seti nzima tena; nitanunua viungo peke yake, na fedha inayobaki nitaiongezea kwenye koili ya shaba.