Chemba ya plastiki ya maji ya mvua, sentimita 30 kwa 30: inafaa wapi na inafungwaje

Karibuni watazamaji. Leo tuna chemba ya plastiki ya kupokea maji ya mvua, ile ya mraba yenye wavu juu na kikapu cha takataka ndani. Inamhusu yeyote ambaye chemba yake ya uani, pale bomba la gata linaposhukia, imepasuka au imezama, na masika ndiyo hayo yanakuja.

Kabla hujaenda dukani, chungulia chini ya ile iliyovunjika. Mara nyingi plastiki haikuwa na kosa. Maji yalivuja kwenye maungio, yakala mchanga wa chini, chemba ikabaki inaning'inia, mtu akaikanyaga. Ukiweka mpya juu ya uwazi uleule, utavunja sakafu tena.

Sasa naigeuza. Mnaona hapa kitakoni, pembetatu ya mishale yenye namba 5 na herufi PP? Hiyo ni polipropilini, na gundi ya PVC haishiki hapa. Itakauka, utadhani imekamata, ukivuta bomba linachomoka zima. Tundu hili linataka mpira wa duara: upake sabuni kidogo, sukuma bomba liingie mpaka likae barabara. Ukiuziwa bila mpira, usichukue.

Bomba liwe la inchi 4. Paa la mita za mraba 80, mvua ikinyesha milimita 60 kwa saa, linamwaga lita 4,800 kwa saa, yaani lita 80 kila dakika. Hata inchi 3 ingeyabeba maji hayo, ila majani ya mwembe yakichanganyika na mchanga yanaiziba upesi. Mteremko usipungue sentimita 1 kwa kila mita.

Kwenye kufunga, vunja sakafu kwa tindo upate shimo la sentimita 60 kwa 60. Chimba mpaka kwenye udongo mgumu, toa wote uliolegea, shindilia. Zege ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha na kubaki. Mwaga kitanda cha sentimita 10, kalisha chemba, pima usawa wake kwa pima maji pande zote mbili, na ukingo wa juu uwe chini ya sakafu kwa milimita 5 hivi. Ukiuacha juu, maji yatazunguka pembeni na kurudi ukutani.

Unganisha bomba, kisha mimina ndoo mbili za lita 20 kwa mkupuo. Pitisha kidole chini ya ungio. Kukiwa na unyevu, rekebisha sasa hivi, kabla zege halijafunika.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanamwaga zege pembeni chemba ikiwa tupu. Kuta hizi ni laini, hebu tazama ninavyoibonyeza kwa dole gumba. Zege linazisukuma ndani, na likishakauka wavu hauingii tena. Kaza vipande viwili vya mbao ndani kwa msalaba, funga wavu kwa nailoni, urudishe mahali pake, ndipo umwage. Mwagilia zege siku 7.

Wavu uliokuja nayo umeandikwa A15, yaani umepimwa kwa mzigo wa tani 1.5 hivi. Ni wa watu kupita, si gari. Kwenye njia ya gari tafuta wavu wa chuma wa B125. Kwa uani chemba hii naipendekeza kabisa, hasa kwa sababu ya kikapu, maana unakinyanyua kwa mkono mmoja.

Wako wanaotoboa kitako ili maji yasituame. Karibu na msingi usitoboe, utakuwa unaosha udongo uleule ulioangusha chemba ya kwanza. Badala yake, kila wiki nyanyua kikapu, chota maji yaliyobaki chini kwa kopo na usugue kuta, kwa kuwa mbu huhitaji kama wiki moja tu kutoka yai hadi kuruka.